Nambari Saba kwenye Ramani ya Visima

Siku chupa nane za jemu zilipopangwa kwenye ukingo wa dirisha la darasa letu, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametia kila chupa maji ya kisima kimoja cha Mji wa Kale, kisha akadondosha matone matano ya dawa ya zambarau, ile inayouzwa madukani ya kuoshea vidonda. Chupa zote zikawa na rangi moja ya kupendeza. Akatwambia tungoje. Maji safi yangeishika rangi ile muda mrefu, na maji machafu yangeila. Kabla ya kengele ya mapumziko chupa nambari saba ilikuwa imegeuka hudhurungi kama chai iliyolala. Nikapanda juu ya kiti nikauliza, kwa sauti yangu ile ambayo mama alisema ningeweza kuuzia samaki, ni kina nani hao wanaokunywa maji ya nambari saba, waje wapewe nishani.

Darasa likaangua kicheko. Msichana niliyekaa naye dawati moja, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Mwalimu alinitazama tu, akaandika saa kwenye daftari. Alikuwa mwanamke mwembamba, Mrabai, Mkristo, akikaa ng'ambo ya Makupa, na hakupandisha sauti hata mara moja kwa mwaka mzima. Kwa sababu hiyo tulimwogopa kuliko walimu wote wenye bakora.

Nambari zile alizipanga yeye kwa makusudi. Mwishoni mwa miaka ya tisini mifereji ya kisiwani ilikuwa ikikauka wiki kwa wiki, na mji mzima ulirudi kwenye visima vya mababu. Basi alituchagua watoto wanane wa Mji wa Kale, kila mmoja alete maji ya kisima kinachotumika mtaani kwao. Tulipofika shuleni, kule upande wa Makadara, alitupokea mlangoni, akamimina maji kwenye chupa za jemu nyuma ya ubao, akabandika nambari. Orodha ya nani kaleta yapi aliiandika kwenye daftari lake peke yake. Alisema hataki ugomvi wa mitaa ndani ya darasa lake.

Alitwambia wazi pia kwamba jaribio lile halimtaji mdudu wala ugonjwa. Linaonyesha uchafu, basi. Lakini uchafu unaokula rangi upesi namna ile ni wa kuulizwa umetoka wapi.

Matokeo yale yalikuwa yaandikwe kwenye gazeti letu la sayansi, na gazeti lilikuwa lipangwe kwa kompyuta. Leo mtoto akisikia hivyo hashangai, lakini darasa la saba lile halikuwa limewahi kuigusa mashine ya aina hiyo. Mzazi mmoja, karani wa ofisi ya mizigo bandarini, alituletea kompyuta ambayo ofisi yao ilikuwa imeiacha baada ya kupata mpya. Mwalimu mkuu alitaka ikae chumbani kwake, ifunikwe, wageni waione. Mwalimu wa sayansi alikwenda kuzungumza naye mlango ukiwa umefungwa, na alipotoka mashine ikatoka naye. Tuliishonea kifuniko cha leso, tukaiweka pembeni mwa darasa chini ya pangaboi.

Ndani yake mlikuwa na programu ya kupanga kurasa. Ukurasa mweupe ulitokea kwenye kioo, na wewe ukachora visanduku, hiki cha kichwa cha habari, hiki cha maneno, hiki cha picha. Kisha ukabonyeza kipanya, ukakishika kisanduku, ukakipeleka utakako. Sisi tulizoea daftari, ambamo neno likishaandikwa limekaa, na ukilifuta kwa mate unapigwa. Kuona sentensi nzima ikihama kutoka chini kwenda juu bila kuacha doa kulitutia kichaa. Wenzangu walipigania zamu. Mimi sikupigania, mimi nilishinda, kwa kuwa shangazi yangu alikuwa mpiga chapa na alinifunza kutumia vidole vyote kumi kwenye taipureta yake. Nikawa mpangaji wa kurasa, na kiburi kikanijaa hadi kooni.

Ramani ya visima tuliichora humo humo, mistari mifupi mifupi, mimi nikishika kipanya na mwenzangu wa dawati akielekeza. Yeye alikuwa na jicho. Alijua kichochoro kipi kinapinda wapi, msikiti upi umekaa kabla ya upi, ukuta gani unakata njia. Tulimaliza siku nne. Kila kisima kilikuwa mduara mdogo, na kila mduara ulingoja nambari yake. Stima ilipokatika mara mbili na kazi ikapotea, ni yeye aliyenituliza nisiipige mashine teke.

Siku ya tano mwalimu alimtuma mwenzangu nje na wengine wakamwagilie bustani, akafunga mlango tukabaki wawili. Akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne.

"Hii ndiyo orodha," alisema. "Kila nambari na mtoto aliyeleta maji. Wewe wazijua njia za huko, mimi sizijui. Weka kila nambari kwenye mduara wake, kisha karatasi hii unirudishie mkononi. Nakuamini."

Aliketi kwenye meza yake kusahihisha vitabu. Nilikunjua karatasi. Nilianza na saba, kwa uchu wa kumjua wa kumcheka. Mbele ya saba palikuwa na jina langu.

Nililisoma mara tatu. Nikageuka kuzitazama chupa dirishani. Ile ya saba ilikuwa bado palepale na maji yake ya chai, na utando ulikuwa umeanza kushika juu.

Lazima nieleze kisima chetu kilikuwa nini. Babu yangu, mzazi wa baba, kabla hajafa alikifanya wakfu. Kilikuwa katika kiwanja kidogo ubavuni mwa nyumba, na kiwanja kilikuwa na mlango wake wa kutokea kichochoroni, ili mchota maji asilazimike kupita kwa wenye nyumba. Baada ya sala ya alfajiri bibi yangu aliufungua mlango ule, na magharibi akaufunga. Hakuukosa hata siku alipokuwa na homa. Jina la babu lilichongwa kwa herufi za Kiarabu kwenye jiwe la mdomo wa kisima, na desturi ilikuwa kwamba mtu akitia ndoo yake ya kwanza humwombea rehema kabla hajavuta kamba. Bibi aliketi kwenye kigoda chake, kazi yake kusikia jina la mumewe likitajwa. Alikuwa akinambia kwamba kila ndoo inayotoka pale humfikia babu kaburini ikiwa thawabu, na kwamba mtu aliyeacha kisima hajafa yote.

Sasa hayo ndiyo maji yaliyokula rangi kabla ya mapumziko. Nyuma ya ukuta wetu, mwaka uliopita, mtu alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa ya kupangisha na kuchimba choo cha shimo karibu mno. Sote tuliinusa ile harufu. Hakuna aliyefikiri kwamba shimo na kisima vinaweza kuzungumza chini ya ardhi.

Nilikitengeneza kisanduku cha nambari saba. Nilikishika kwa kipanya, nikakipeleka juu ya mduara wetu, nikakiacha pale. Nikakitazama. Nilimwona bibi kwenye kigoda, mlango wazi na kichochoro kitupu. Nikakishika tena, nikakihamisha vichochoro viwili upande wa kushoto, kwenye mduara wa kisima cha mwenzangu wa dawati. Nambari tatu, ambayo ilikuwa yao kwa haki na ambayo maji yake yalishika zambarau mpaka kesho yake, nikaileta kwetu. Kazi yote haikuchukua muda wa kumeza mate.

Kwa miaka mingi nilijiambia nilichagua kisima chao kwa vile mduara wao ulikuwa karibu. Si kweli. Mama yake alikuwa mwanamke wa kuja, kutoka mashamba ya Kwale, mjane, mpika mahamri. Hakuwa na ukoo mtaani. Mkono wangu ulijua kwamba upande ule hapakuwa na wa kuuliza, na mtoto wa miaka kumi na mitatu hujua mambo hayo bila ya kufunzwa.

Mwalimu akaja kusimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake juu ya utosi wangu.

"Saba iko mahali pake?"

"Iko, Mwalimu."

"Una hakika? Hiki ndicho kitu watu watakachokitazama kwanza."

"Nna hakika."

Akanyoosha mkono, nikamrudishia karatasi. Akahifadhi kazi kwenye diski mwenyewe, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu. Printa iliyokuja pamoja na mashine ikaanza kupiga kelele yake ya kukwaruza, mstari baada ya mstari, na ramani yetu ikatoka polepole, na saba ikatoka ikiwa pasipo pake. Niliomba stima ikatike. Siku hiyo haikukatika.

Siku ya wazazi kila mtoto alirudi nyumbani na nakala. Mwalimu mkuu alikuwa ametaka gazeti liwe la Kiingereza, lakini mwalimu alikataa, akisema anayekunywa maji ndiye anayetakiwa asome. Ukurasa wa tatu uliandika kwamba kisima nambari saba kisitumike kwa kunywa hadi kichunguzwe, na nambari tatu ndicho kilichoshinda vyote. Majina hayakuwapo. Kwetu majina ya nini? Mtoto wa miaka mitano angeitazama ramani ile akakwambia kila mduara ni wa nani.

Bibi hakujua kusoma herufi hizi za shule. Alisoma za Kiarabu, na barua zake zote za Kiswahili aliziandika kwa hizo. Lakini ramani aliielewa. Aliilaza pajani, akatembeza kidole kutoka msikitini, akapinda panapopinda, akasimama.

"Hapa ndipo petu," alisema. "Pameandikwa n'ni?"

"Tatu, bibi."

"Na hino tatu, ni nzuri au ni mbaya?"

Angalia Mungu anavyokupa nafasi. Mama alikuwa jikoni, shangazi hajarudi kutoka kazini, hapakuwa na mtu ila mimi na yeye.

"Ni nzuri kushinda zote," nilisema. "Rangi ilishika mpaka asubuhi."

Alifunika uso kwa leso akalia. Alilia kwa furaha, akimwambia babu, kwa jina lake, kwamba watoto wa shule wamemshuhudia kwa ilimu yao. Kisha akanivuta akanibusu kichwa. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka niliposikia adhana.

Wiki ile kichochoro chetu kilijaa. Watu waliokuwa wakichota kwingine walikuja na ndoo na madebe, wakamrehemu babu mmoja baada ya mwingine, na bibi akawa na sauti mpya. Vichochoro viwili kutoka kwetu mambo yalikuwa mengine. Mama yake mwenzangu alikuwa akikanda unga kwa maji ya kisima chao, na kila mtu alijua. Asubuhi mahamri yake yalikuwa yakiisha kabla jua halijapanda. Sasa sinia lilikuwa likirudi ndani limejaa. Hakuna aliyemtukana. Walimpita tu kwa salamu nzuri, subalkheri mamangu, wakaenda kununua Makadara.

Halafu akaja kwetu. Nilikuwa kwenye kiwanja nikifua sare yangu nilipomwona mlangoni na ndoo mbili.

"Salaam aleikum, bibi. N'naweza kuchota?"

"Waaleikum salaam. Karibu mwanangu. Maji ya wakfu hayana mwenyewe, ingia."

Akaingia, akamrehemu babu yangu, akavuta kamba. Nilimtazama mikono. Alikuwa ametoka kwenye maji yaliyoshika zambarau usiku kucha akaja kwenye yale yaliyokula rangi kabla ya mapumziko, na aliyemleta ni mimi. Alipoinua ndoo alinambia, "Ahsante mwanangu. Mwenzako anambia kazi ile mmeifanya nyi wawili. Bora tumejua."

Bora tumejua. Maneno hayo hayo binti yake alinambia darasani, akichora pembeni mwa daftari lake bila kuinua uso. Hakunilaumu, na ningetamani anilaumu, kwani mimi ukinilaumu nakurudishia na roho inatulia. Nilianza kuwa mkali kwa kila mtu. Nilimtukana mtoto wa darasa la tano kwa kunikanyaga, nikaadhibiwa, nikaifurahia adhabu. Kila asubuhi nilihesabu ndoo mbili za mama yake mwenzangu. Nilimwomba Mungu akikaushe kisima chetu, au aifungue mifereji ya mji mzima, lolote lililo jepesi kwake, ili mtu asichote kwetu.

Badala yake ikanyesha mvua. Ilinyesha siku kumi, vichochoro vikawa mito, na maji ya shimo la choo na yale ya kisima, naamini, yakawa kitu kimoja. Jumatano mwenzangu hakuja shule. Alhamisi mwalimu alitwambia kwamba mdogo wake, yule wa mwisho ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, amelazwa kwa kuharisha na kutapika, ametiwa maji ya mshipa, na tumwombee.

Darasa liliomba. Mimi mdomo ulikuwa ukienda lakini sikuomba. Nilikuwa nikijiambia kwamba watoto huharisha, kwamba mvua ni mvua, kwamba alikula kitu. Nilikuwa na majibu mengi, na kila jibu lilidumu hatua kumi tu.

Jumamosi asubuhi mvua ilipumzika. Bibi alikuwa kigodani. Mlangoni akaingia yule mama, buibui limelowa hadi magotini, macho yamezama ndani. Alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, na mkononi alikuwa na ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Yuwaendeleaje?" bibi aliuliza.

"Leo amefungua mato. Daktari asema nimnyweshe kidogo kidogo. Nami maji ya kule siyaamini, bibi. Mekuja kumtekea haya ya kwenu."

Akamrehemu babu. Akateremsha ndoo. Nilisikia ikipiga maji kule chini, nikasikia kamba ikipanda. Alipoinama kumimina kwenye ndoo ndogo nilimrukia. Nilimpokonya ndoo kwa mikono miwili nikaimwaga yote, na ile ndogo nikaipiga teke, maji yakamlowesha bibi miguu.

"Una wazimu weye!" bibi alipiga ukelele akisimama. "Mtoto yuwaumwa, wewe wamwaga maji?"

"Saba ni yetu," nilisema.

"Wasema n'ni?"

"Saba ni yetu, bibi! Tatu ni yao. Mimi ndiye niliyebadilisha. Nilizihamisha kwenye kompyuta. Maji yao ni safi, yetu ndiyo machafu. Tangu siku ya kwanza najua."

Yule mama aliitazama ndoo yake tupu, kisha akanitazama mimi, na nilitamani anipige. Aliketi palepale chini kwenye maji. Akaanza kulia taratibu, bila sauti, kama mtu asiye na nguvu ya kulia vizuri.

Bibi alikuja karibu yangu. Alikuwa mfupi, nilikuwa nimeshamfikia bega, na alinishika kidevu ili nisitazame pengine.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya babu," nilisema. "Ili thawabu yake isikatike."

Nilifikiri hapo atalainika. Nilikuwa nimeliweka jibu lile kwa wiki tatu, kwa siku ya haja, na nililiona jibu zuri.

"Sikiza," alisema. "Kabla hujajua, maji haya yalikuwa sadaka. Mungu hamhukumu mtu kwa asilolijua, si mimi, si babuyo. Lakini tangu siku uliyojua, kila ndoo iliyotoka hapa si thawabu. Ni dhambi, na umemwandikia yeye, aliyelala, asiyeweza kuikanusha. Wiki tatu, mjukuu wangu. Watu wakimrehemu huku wakibeba sumu."

Sijapata kuchapwa kwa fimbo iliyouma hivyo. Aliniachilia kidevu. Akauvuta ule mfuniko wa mbao, ambao mimi sikuwahi kuuona ukifunika kisima mchana, akakifunika. Akamwinua yule mama kwa mikono yake, akamwambia, "Nisamehe. Tusamehe sote." Kisha akavaa buibui, akachukua kata yake ya shaba, akanambia nibebe ndoo.

Ilikuwa saa nne za asubuhi na mvua imewaachia watu nafasi, kwa hiyo kila baraza lilikuwa na wanaume wamekaa na kahawa. Bibi hakuwa mtu wa kutembea vichochoroni saa hizo. Walisimama kumwamkia, akaitikia bila kusimama. Tulifika sote watatu kwenye kisima cha nyuma ya nyumba ya mjane, kilichokuwa kimeachwa hata kamba imeanza kuota ukungu. Akaniamrisha nivute. Nikavuta. Akachota kwa kata, akarudi nayo nje mpaka mbele ya baraza lililojaa kuliko yote, akainua pembe ya ushungi, akanywa. Alikunywa yote, mpaka tone la mwisho, mbele ya wanaume, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Haya ndiyo maji safi ya mtaa huu," aliwaambia. "Yetu ndiyo machafu. Karatasi ilisema urongo, na aliyeiandika urongo ni huyu wangu. Waambieni wake zenu."

Akarudi kisimani, akaijaza ile ndoo ndogo, akampa yule mama ayachemshe kisha ayapeleke hospitali. Mtoto alipona. Naliandika hapa waziwazi kwa kuwa mimi mwenyewe, siku zile sita zilizobaki kabla hajatoka, sikuwa na jambo jingine kichwani.

Jumatatu nilimwambia mwalimu kabla ya kengele. Alinisikiza mpaka mwisho. Hakunipiga wala hakunipeleka kwa mwalimu mkuu. Aliondoa kifuniko cha leso, akaitia diski, akaita darasa lote lizunguke mashine, kisha akanikalisha mbele yao. "Onyesha ulivyofanya," alisema. Nikakishika kisanduku cha saba, nikakirudisha kwetu. Kikapita juu ya vichochoro viwili, juu ya msikiti, kikatua. Nikairudisha tatu kwao. Hapakuwa na aliyecheka. Mwalimu akasema na yeye alikosa, kwa kuweka ramani asiyoijua mkononi mwa mtu mmoja bila wa kumtazama. Nilizichukua nakala mpya mimi mwenyewe nikabisha mlango mmoja mmoja, na kila mlango nikasema kwa mdomo wangu.

Sinia la mahamri lilichukua mwezi kurudi kuisha. Yule mama alinisamehe kwa maneno na naamini alimaanisha. Binti yake hakunisamehe, wala hakunikasirikia. Aliomba kuhamishiwa dawati la mbele, na mpaka tunamaliza la nane hatukukaa pamoja tena.

Jambo la mwisho alilitaka bibi. Alinambia nimwandikie tangazo kwa ile mashine yetu, kwa herufi kubwa kuliko zote ilizonazo. Mwalimu aliniruhusu. Nilipanga kisanduku kimoja kilichojaza ukurasa mzima: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Tulilitia ndani ya mfuko wa nailoni, tukalipigilia kwenye mlango wa kiwanja. Nilidhani bibi ataufunga mlango ule sasa. Hakuufunga. Kila alfajiri aliufungua kama kawaida, akaketi kigodani, watu wakaja kuchota ya kufulia na ya kuoshea sakafu, na kila aliyeingia bibi aliniita, iwapo nimo nyumbani.

"Labeka, bibi."

"Msomee."

Nami nilisoma, hata kwa wanaojua kusoma. Nilisoma mvua zote zile, mpaka nikakoma kuona haya na ikabaki kazi.

Siku moja, Ijumaa, hakuna aliyekuja. Bibi aliniita vilevile. Nikatazama mlangoni, sikuona mtu. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya jiwe, juu ya lile jina lililochongwa.

"Huyu hajasomewa," alisema. "Msomee na babuyo, ajue."

Nikasimama mbele ya jiwe nikaanza, na sauti yangu ile ya kuuzia samaki haikutoka. Bibi akangoja. Hakuinua mkono wake jiweni mpaka nilipolimaliza neno la mwisho.